Mvua inarudi: tusuke nywele zinazokauka



Februari inaelekea mwisho. Tangu majuma mawili, kila mahali tunapopita, sokoni, mtoni, mlangoni mwa kanisa, tunaulizwa ulizo moja: "Mwaka huu kwa 8 Machi tunasuka nini?" Tutajibu. Lakini mbele ya kujibu inatupasa kusimulia mambo ya mwaka jana, sababu wengi wenu mliyaona kwenye vichwa vyetu na sisi hatukuwahi kuyaandika hapa.

Mwaka jana tulikubaliana katika mkutano kwamba siku ya wanawake kila mwanachama atoke na rasta ndefu mpaka kiunoni, meshi ya rangi moja, kikwembe kimoja. Tulichukua feza katika kisanduku cha likelemba, tukatuma mtu Kisangani, kilomita 128 kwa pikipiki, akaturudia na mfuko mzima wa meshi. Tulisuka siku tatu, na usiku tuliendelea kwa mwanga wa taa ya sola. Kila aliyekaa kwenye kiti alimwambia anayemsuka neno lile lile: "Kaza, mama, kaza, zikae mpaka Paska!"

Tarehe 8 asubuhi tulipendeza kweli. Saa sita mvua ikatukuta katikati ya defile, ile mvua ya kwetu isiyobisha hodi. Tulirudi nyumbani na vichwa vizito kama beseni la nguo zisizokamuliwa. Wengi wetu tulifunga kitambaa juu ya nywele zenye maji, tukalala. Siku ya tatu, ndani ya rasta bado palikuwa na majimaji. Siku ya tano harufu ilianza, na mikono haikutoka kichwani kwa kujikuna. Nyuma ya majuma mawili wengi tulikuwa tumekwisha kufumua, meshi imetupwa, na feza ya likelemba imekwenda na maji.

Hiyo ni hasara ya feza, na feza inatafutwa. Lakini mmoja wetu, mdogo kuliko sisi wote, alikuwa amesukwa kwa nguvu sana pembeni mwa uso. Usiku wa kwanza alimeza paracetamol ili apate usingizi. Kesho yake vipele vidogo vikatoka kando ya paji. Akatuambia, na sisi tukamjibu, "Vumilia, mvumilivu hula mbivu." Alivumilia majuma sita. Siku ya kufumua, nywele za pembeni zilitoka pamoja na rasta, na upande wa kushoto mpaka leo hazijarudi vizuri. Ametupa ruhusa tuandike haya bila jina lake. Kosa halikuwa lake, wala si la mikono iliyomsuka peke yake. Lilikuwa letu sisi tuliopitisha mtindo mmoja kwa vichwa vyote, tena tukasema "kaza".

Ndiyo maana juma hili tunazungumza juu ya nywele na hewa yetu.

Kwa nini hapa nywele hazitulii

Hewa ya Banalia si hewa ya Lubumbashi. Tuko karibu sana na ikweta, ndani ya msitu, na Aruwimi inapita mbele ya nyumba zetu. Kisangani inapata zaidi ya milimita 1.600 za mvua kwa mwaka. London, mji ambao watu wanausimulia kwa sababu ya mvua yake, inapata karibu 600 tu. Mvua zetu kubwa ni za Aprili na Mei, kisha Septemba mpaka Novemba, lakini hata Januari, mwezi wetu mkavu, mvua haikosi kabisa. Mnajua wenyewe mambo ya nyumbani: chumvi inalowa ndani ya kopo, viatu vya ngozi vinaota kuvu chini ya kitanda, mlango wa mbao unavimba mpaka unagoma kufungwa.

Unywele ni kama ule mlango. Unakunywa maji yaliyo hewani hata siku ambayo mvua haikunyesha. Katika hewa iliyojaa maji unaweza kubeba maji karibu 30 kwa 100 ya uzito wake. Unavimba, unajikunja, unarudia umbo uliozaliwa nalo. Hivyo mama aliyenyoosha nywele kwa chuma cha moto siku ya Posho jioni, anafika kanisani siku ya Yenga zimekwisha kusimama. Moto uliondoa maji ndani ya unywele, ukaulazimisha kulala. Hewa imerudisha maji, na unywele umerudi kwao. Usimlaumu fundi, wala usinunue mafuta mengine ya bei. Mtindo unaotegemea ukavu, hapa kwetu maisha yake ni siku moja.

Kwa hiyo tutafute mtindo unaoshikwa na kitu kingine: unaoshikwa na msuko, na uzi, ama na wembe. Na mbele ya kukaa kwenye kiti, kila mmoja ajiulize mambo mawili. La kwanza: nikinyeshewa saa kumi ya jioni, kichwa kitakauka mbele sijalala? La pili: nikicheka na kuinua nyusi, ngozi ya paji inavutika? Kama la kwanza ni hapana, ama la pili ni ndiyo, mtindo huo si wako kwa msimu huu, hata ukiwa mzuri namna gani.

Uzi wa bibi zetu

Tunaanza na uzi sababu wasichana wanaucheka. "Hizo ni nywele za bibi," wanasema. Ni kweli, na bibi alijua mvua ya hapa kuliko sisi. Wamama wenye miaka sitini na zaidi wanakumbuka miaka ya Zaire, wakati siasa ya kurudia asili ilipopiga vita mawigi. Nywele za uzi zilisimama juu ya vichwa kama miale ya jua, nyingine zikapindwa kama mashikio ya kikapu. Hakuna aliyesema ni nywele za watu maskini.

Uzi haungojei unywele ukauke ndipo ukae vizuri. Unaufunga, na unywele hata ukivimba, unavimba ndani ya kamba yake. Kati ya fungu na fungu ngozi iko wazi, hewa inapita. Na siku ya kufungua unakuta nywele zimenyooka na kurefuka bila moto wala dawa.

Osha nywele, ziache zikauke kabisa. Gawanya mafungu makubwa, kumi na mawili ama kumi na sita, si arobaini. Paka mafuta kidogo kwenye ncha. Anza kuzungusha uzi juu kidogo ya ngozi, usiukaze pale shina linapotokea. Nguvu iwe katikati ya fungu, siyo chini. Uzi wa nailoni haunywi maji kama uzi wa pamba, kwa hiyo unakauka haraka. Kama nyumbani una wa pamba tu, tumia huo, lakini ukinyeshewa fungua yale mafungu yaliyolowa, yakauke, kisha yafunge tena. Nyuma ya juma moja au mawili, fungua yote uoshe.

Si sisi wa kwanza kufikiri hivyo katika upande huu wa nchi. Jirani zetu Wamangbetu, wa upande wa Isiro, walijulikana dunia nzima kwa nywele za wamama wao, zilizoinuliwa juu na kupanuka kama kikapu, zikishikwa na vijiti vilivyofumwa. Picha ya mmoja wao, Nobosudru, ya wakati wa ile safari ya magari ya Citroën ya mwaka 1924 na 1925, ilizunguka Ulaya nzima. Nywele zile hazikusimama kwa moto wala kwa dawa ya chupa. Zilisimama kwa kufungwa na kufumwa.

Mistari na vanille

Mistari ya kulala kichwani, bila meshi, ndiyo rafiki wa mama mwenye kazi nyingi. Ngozi inaonekana, unaweza kuiosha kwa maji na sabuni kidogo bila kufumua, na ndani ya saa chache imekauka. Watu wa Dar es Salaam wana mtindo wa mistari michache ya kurudi nyuma wanaouita "twende kilioni", maana unasukwa upesi wakati hakuna nafasi ya mapambo. Sisi tunauona unafaa hata kwa furaha. Mistari minene sita au minane inakaa majuma mawili. Ile membamba sana inavuta ngozi na inachukua siku nzima kufumua.

Vanille za nywele zako mwenyewe, zile za kusokota mbili mbili, zinapendeza, lakini tuseme ukweli: katika hewa yetu zinafupika, na nyuma ya juma moja zinaanza kufunguka. Zitakaa vizuri zaidi ukizisokota nywele zikiwa na unyevu kidogo tu, siyo zenye maji, na ukiziacha zikauke mbele ya kutoka nyumbani. Usiwe na haraka ya kuzifumua. Vanille iliyovimba kidogo bado ni vanille.

Rasta, kwa anayezipenda

Hatukatazi rasta. Tunasema tu zisukwe kwa akili. Meshi yenyewe haikunywi maji, lakini inayafunga katikati ya nyuzi zake, na nywele zako zilizo ndani zinabaki kama mtoto aliyefungwa mgongoni na kikwembe chenye maji. Kadiri rasta ilivyo ndefu na nene kwa meshi, ndivyo inavyochelewa kukauka na ndivyo uzito wake unavyovuta shina.

Kwa hiyo, katika miezi ya mvua, zifike mabegani tu. Mwambie anayekusuka apunguze meshi, na nywele ndogo za pembeni mwa uso aziache nje. Meshi mpya iloweshwe kwanza katika maji yenye siki kidogo, isuuzwe, ianikwe. Hiyo inaondoa ile dawa ya kiwandani inayowasha watu wengi. Ukinyeshewa, kamua kwa kikwembe kikuukuu kwa kubonyeza, usisugue, kisha kaa karibu na mbabula, siyo juu yake, na nywele zimefunguliwa. Meshi nyingi ni plastiki na inashika moto kwa upesi. Usifunge kitambaa mpaka pakauke. Na nyuma ya majuma sita, zifumuliwe, hata kama bado zinapendeza.

Kuhusu kuvutwa, tunarudia kwa sauti kubwa. Kichwa kinachouma usiku wa kwanza, vipele kando ya paji, ngozi inayong'aa: hizo ni dalili kwamba nywele zinang'olewa polepole. Usimeze dawa ya maumivu na kulala. Fumua ile mistari ya mbele usiku huo huo. Nywele zilizovutwa muda mfupi zinarudi mara nyingi, kama ukiacha kichwa kipumzike miezi mingi. Zikivutwa mwaka nyuma ya mwaka, ngozi inafanya kovu, na kovu haioti nywele.

Tisaji, perike na defriza

Tisaji inashonwa juu ya nywele zilizosukwa, na ngozi yote inafunikwa. Katika hewa kavu mtu anaweza kuivumilia. Hapa, jasho na mvua vinaingia na havina njia ya kutoka. Kama unapenda nywele za kuvaa, perike ni afadhali, sababu inavuliwa. Ivae kwa sherehe, uivue ukifika nyumbani, uiache ipigwe na upepo, na usilale nayo.

Defriza ni jambo jingine. Tofauti na chuma cha moto, dawa hiyo inavunja mafundo ya ndani ya unywele, kwa hiyo hewa yenye maji hairudishi mkunjo. Lakini zile nywele zinazoota chini zinakuja na mkunjo wao, na pale mbili zinapokutana ndipo zinapokatika. Tena dawa ni kali, inaunguza. Isipakwe juu ya kidonda, wala siku ile ile ulipofumua rasta, wala kwenye kichwa cha mtoto. Kuna la zaidi. Mwaka 2022, watafiti wa taasisi ya afya ya serikali ya Marekani walitangaza matokeo ya kufuatilia wanawake zaidi ya 33.000 kwa karibu miaka 11. Wale waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja walipata kansa ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili kuliko wasiotumia. Kansa hiyo si ya kila siku, na matokeo yale hayathibitishi kwamba dawa ndiyo iliyoileta. Lakini anayedefriza kila mwezi ili ashindane na hewa ya Banalia, afikiri tena.

Kunyoa si kilio

Mama akinyoa nywele hapa kwetu, watu wanaulizana kwa sauti ya chini, "Nani amekufa?" Tuache hayo. Nywele fupi ndizo zinazokauka haraka kuliko zote. Ukivuka mto, ukanyeshewa, ukajifuta kwa kikwembe, kazi imekwisha. Kwa anayelima, kwa anayeuza sokoni bila paa, kwa aliyejifungua juzi na hana nafasi hata ya kujichana, ni mtindo wa heshima kabisa. Jambo la kuangalia ni wembe. Uwe mpya, wa kichwa kimoja, kisha utupwe. Mashine ya kinyozi isafishwe kwa dawa mbele ya kukugusa. Wembe wa kupokezana unapeleka damu ya mtu mmoja kwa mwingine, na magonjwa pamoja nayo.

Mafuta na usafi

Wengi tunafikiri kichwa kinachowasha kinahitaji mafuta. Mara nyingi ni kinyume. Mba inaletwa na vimelea vidogo vinavyoishi kwenye ngozi na kula mafuta yake. Ukimwaga mafuta juu ya ngozi chafu yenye jasho, umeviandalia meza. Osha kwanza, kausha, kisha paka kidogo kwenye nywele na ncha, siyo kwenye ngozi. Mafuta ya kokwa za ngazi tunayotengeneza wenyewe yanafaa, na yanasaidia maji ya mvua yasiingie upesi ndani ya unywele. Gliserini, ambayo wengi mnanunua farmasi, inavuta maji ya hewani. Katika msimu wa mvua inazidisha kuvimba. Iwekeni mpaka Januari.

Kitambaa cha kichwa nacho kioshwe na kianikwe juani kila juma. Kuna wamama wanaoosha nywele vizuri kisha wanazifunga na kitambaa chenye jasho la mwezi mzima.

Vichwa vya watoto

Mvua na vichwa vya watoto vinatuletea mapunye: viduara vinavyopoteza nywele, vyenye magamba kama vumbi jeupe. Ni ugonjwa wa kuvu, siyo uchafu wa mama, na hakuna sababu ya kumficha mtoto. Unapita kwa vichanuo, kofia, wembe na vitambaa vya kupokezana. Pomade peke yake haiumalizi, maana kuvu imeingia ndani ya shina la unywele. Mtoto anapaswa kupewa dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa, na munganga wa kituo cha afya ndiye anayeipima kwa uzito wa mtoto. Tafadhali, msipake petroli ya taa wala maji ya betri. Yanaunguza ngozi na mapunye yanabaki.

Na mkiwasuka wasichana kwa ajili ya masomo, mistari minne au sita inatosha. Mtoto anayelia kwenye kiti si mtundu, anaumizwa. Tulegeze mkono.

Ulizo la juma

Mama mmoja ametuuliza: "Ninavuka mto kila asubuhi kwenda shamba, ninarudi jioni na jasho, mara nyingi na mvua. Siku ya Yenga nataka kuwa kama wengine. Nifanye nini?"

Mama yetu, siku za kazi kaa na mafungu ya uzi ama mistari minene, na kitambaa chepesi juu. Uwe na kitambaa cha pili kikavu ndani ya sashe ya plastiki. Ukifika nyumbani, ondoa kile chenye maji, acha kichwa wazi wakati unapika, kisha funga kile kikavu mbele ya kulala. Sashe uvae kichwani wakati wa mvua tu. Mvua ikiisha uiondoe, la sivyo jasho litafanya kazi ile ile ya mvua. Siku ya Posho jioni, fungua uzi nyuma tu, uache wa mbele. Siku ya Yenga asubuhi, fungua uliobaki, chana kwa vidole, kusanya nywele juu kwa kitambaa cha kikwembe chako. Zitakuwa zimenyooka vya kutosha mpaka ibada iishe. Zikisimama njiani kurudi, kila mtu amekwisha kukuona.

Sasa, 8 Machi

Katika mkutano wa juma lililopita tulizungumza kwa muda mrefu. Wengine walitaka tena rasta za aina moja, wakisema chama kisichofanana si chama. Yule mdogo wetu alikuwa amekaa nyuma. Aliondoa kitambaa chake bila kusema neno, akakifunga tena. Hakuna aliyeomba kura.

Tumeamua hivi. Kikwembe kitakuwa kimoja kwa wote, na kila mmoja akate kipande chake cha kufunga kichwani kwa namna moja, hapo tutafanana. Chini ya kitambaa, kila kichwa ni cha mwenyewe: uzi, mistari, nywele fupi, rasta za mabegani kwa anayezitaka na anayezilipia. Feza ya likelemba haitoki kwa ajili ya meshi. Mvua ikitukuta, tutakamua vitambaa na kuendelea na defile.

Siku mbili mbele ya sikukuu tutakutana chini ya mwembe wetu wa mikutano, tangu saa mbili ya asubuhi, kusukana bure. Kila mmoja alete uzi wake, kichuo chake mwenyewe cha kuchania, na kikwembe kikuukuu cha kukaushia. Wamama wazee mnaojua mitindo ya uzi ya zamani, tunawangojea ninyi kwanza. Viti vyenu vitakuwa mbele, na wasichana watakaa chini kujifunza. Na atakayesikiwa akisema "kaza" atatoa faini ya kipande kimoja cha sabuni, palepale.

Juma lijalo tutazungumza namna ya kuweka unga wa muhogo usiote kuvu wakati wa mvua. Mwenye ujuzi atuletee. Mkae vizuri, na vichwa vikavu.